Injini ya 1.5, 1.8 au 2.0? Pima safari zako kabla ya kununua gari la familia

Pita kwenye yadi yoyote ya magari hapa Mombasa, utazikuta Toyota Premio na Allion zimepangwa safu. Kwa nje hufanana kama pacha. Ukifungua boneti, moja ina injini ya 1.5, jirani yake 1.8 na nyingine 2.0. Wengi wetu huuliza rangi, viti na bei, na swali la injini tukamwachia muuzaji atujibie. Ilhali ndilo litakaloamua utatoa kiasi gani mfukoni kila wiki, miaka yote utakayokaa na gari hilo.

Namba hizo ni ujazo wa silinda kwa lita. Injini ya 1.5 ndiyo tunayoiita cc 1500. Silinda zikiwa kubwa, injini huvuta hewa na mafuta zaidi, ikatoa nguvu zaidi. Ya 1.5 hutoa nguvu za farasi kama 110. Ya 1.8, kwa Premio za 2007 kuendelea, hupita 130.

Tofauti ya kwanza ya gharama iko bandarini. Magari yenye injini isiyozidi cc 1500 yamekuwa yakitozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20, na yanayozidi hapo asilimia 25. Ndiyo maana 1.5 hukimbiliwa.

Ya pili iko kituo cha mafuta. Tuseme unaendesha kilomita 1,000 kwa mwezi: kupeleka watoto shule, kazini na sokoni. Chukulia 1.5 inakwenda kilomita 12 kwa lita, 1.8 kilomita 10, na 2.0 kilomita 9. Petroli ikiwa shilingi 180 kwa lita, ya 1.5 itakula shilingi 15,000, ya 1.8 shilingi 18,000, na ya 2.0 shilingi 20,000. Kwa mwaka, kutoka 1.5 hadi 2.0 ni shilingi 60,000. Hiyo ni karo ya mtoto. Badilisha hesabu kwa safari zako, lakini usinunue bila kuipiga.

Je, basi sote tuchukue 1.5? Kwa anayezunguka Nyali, Bamburi, Kisauni na mjini, ndiyo. Ardhi yetu ni tambarare, na kwenye foleni ya feri ya Likoni injini kubwa haikufikishi ng'ambo mapema. Inakula mafuta tu huku AC ikinguruma.

Mambo hubadilika kwenye barabara ya Nairobi. Kutoka usawa wa bahari unapanda karibu mita 1,700, na injini ya kawaida hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu zake kila mita 1,000, kwa kuwa hewa huwa nyepesi. Tia watu watano, mizigo na AC, kisha ujaribu kulipita lori refu na gari jingine linakuja mbele. Injini ya 1.5 inafika Nairobi bila tatizo, lakini hapo itachukua muda mrefu zaidi kulimaliza lori lile, na sekunde hizo ndizo zinazoua watu. Kama familia yako husafiri bara mara kwa mara gari likiwa limejaa, 1.8 ina haki ya bei yake. Kama ni mara moja kwa mwaka, chukua 1.5 na uwe na subira nyuma ya lori.

Kuhusu 2.0, angalia mwaka. Premio za kabla ya 2007 zenye injini hiyo hutumia mfumo wa D-4, unaonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Masizi hujikusanya kwenye valvu, na pampu yake ya shinikizo kubwa ni ghali kubadilisha. Kwa kuwa sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, hizo sasa huuzwa mkononi tu, kwa bei ya kuvutia. Kabla bei haijakuvutia, nenda na fundi anayeujua mfumo huo.

Injini yoyote utakayochagua, joto letu la Pwani halisamehi. Usitie maji ya kisima kwenye rejeta. Chumvi yake huleta kutu na kuziba njia za maji, na injini ikichemka gasketi ya silinda huungua. Tumia kulanti. Kama giaboksi ni ya CVT, itie mafuta yake maalumu, si yoyote yaliyoko dukani.

Basi kabla ya kwenda yadi, kaa na mwenzako, mwandike safari zenu za mwezi mzima na idadi ya watu wanaopanda. Karatasi hiyo itawaambia injini ya kuchukua vizuri kuliko muuzaji.