Hati safi si fedha mkononi

KOROGWE: Mfanyabiashara wa Old Korogwe anayepeleka sabuni, mchele au saruji kwenye kituo cha afya cha Serikali kwa mali kauli, anamkopesha mteja ambaye hesabu zake hukaguliwa kila mwaka na kutangazwa. Mwenye mtaji mdogo hana budi kujua kuzisoma.

Mwaka wa fedha hufungwa Juni 30. Halmashauri, ikiwamo ya Mji wa Korogwe yenye kata ya Old Korogwe, hukabidhi hesabu kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ifikapo Septemba 30. Ripoti yake humfikia Rais mwishoni mwa Machi, kisha huwekwa mezani Bungeni. Hivyo deni la Julai lisipolipwa, laweza kuonekana hadharani baada ya miezi 21.

Hati safi maana yake vitabu vimeandikwa sawasawa. Si ahadi ya kulipa. Mwenye hati safi aweza kuwa na madeni tele. Tangu 2012/13 Serikali ilianza kuhamia hesabu zinazoonyesha madeni pia, si fedha taslimu tu. Mzabuni atazame fungu la wadai, alinganishe miaka miwili.

Kwa habari za karibu zaidi, tangu 2017/18 vituo hupelekewa fedha moja kwa moja katika akaunti zao, na kamati za vituo zina wawakilishi wa wananchi. Huko ndiko pa kuulizia kabla ya kushusha mzigo. Madeni yakipanda huku mapato yamelala, ni heri kuuza taslimu.