Mkunazini, saa saba mchana

Mgeni akishuka boti Unguja na kuuliza pa kula, mara nyingi huelekezwa upande wa pwani, kwenye mikahawa ya darini yenye menyu ya kurasa nyingi. Bahari inaonekana vizuri kule, sikatai, ila utalipia mandhari kabla hujalipia samaki. Kwa chakula cha mchana ningemwambia aipe bahari kisogo, akate vichochoro vya Mji Mkongwe mpaka Mkunazini, aulizie mkahawa wa Lukmaan.

Hapo hungoji menyu. Vyakula vimepangwa kaunta: wali wa nazi, pilau, biriani, mchuzi wa pweza, samaki wa kupaka, mchicha wa nazi, chapati. Unaonyesha kwa kidole, unapakuliwa, unatafuta pa kukaa. Mchuuzi wa soko la Darajani na mtalii mwenye shanta mgongoni husubiri pamoja, na anayesitasita huhimizwa kwa upole, "Haya bwana, nikutilie nini?"

Agiza biriani. Wako watu wa bara wanaodhani ni pilau iliyotiwa rangi. Wali wake hupikwa mbali, na rojo mbali: nyama imelazwa kwenye mtindi, tangawizi na thomu, kisha ikaiva polepole pamoja na tungule na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikakauka. Viwili hivyo hukutana wakati wa kupakua, na anayevichanganya vyote kwa mkupuo mmoja amejinyima raha ya kula tonge hili kavu na lile lenye rojo. Weka ndimu na achari ya embe kando. Kushushia, juisi ya ukwaju. Soda unaweza kunywa popote duniani.

Pilau ndiyo ya sufuria moja, mchele na nyama na viungo vyake: uzile, hiliki, mdalasini, pilipili manga, karafuu. Hiyo karafuu ina kesi ya kujibu. Ilistawi Unguja na Pemba zama za Sultani Sayyid Said, karne ya 19, kwa jasho la watumwa mashambani, na soko walikouzwa watu lilikuwa papa hapa Mkunazini, mwendo mfupi kutoka meza unayokalia. Sultani Barghash alilifunga mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza. Juu ya kiwanja chake likajengwa kanisa la Kianglikana, likisimamiwa na Askofu Edward Steere, yule yule aliyeandika vitabu vya sarufi ya Kiswahili. Uani kuna sanamu za watu waliosimama shimoni na minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs. Anza huko, ndipo uje kula. Kuzitazama sanamu zile ukiwa umeshiba, unacheua biriani, hakupendezi.

Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na majumba mengi leo ni hoteli na maduka ya vinyago. Ndiyo maana mkahawa ambao wenyeji bado hula humo una thamani kuliko dari lolote la kutazama machweo.

Fika mapema, maana pweza hamngoji mtu, na ubebe fedha taslimu. Mwezi wa Ramadhani usijisumbue mchana; subiri adhana ya magharibi kama wenzako.