Uvimbe, Mchochota na Saratani: Tuyatofautishe

Muhula uliopita, mwanafunzi wetu mmoja hapa Gisenyi aliombwa na jirani aliyetoka Goma amfafanulie kwa Kiswahili majibu ya hospitali yaliyoandikwa kwa Kifaransa. Majibu yalieleza kwamba ukuta wa mfuko wa nyongo umenenepa. Mwanafunzi akasema, "Mama, una uvimbe." Mama yule alisikia "saratani", akaanza kuwaaga watoto wake.

Kosa lilikuwa wapi? Kitenzi cha Kiswahili "vimba" ni ndugu wa "kubyimba" wa Kinyarwanda. Nomino "uvimbe" hutaja umbo tu; haitaji chanzo. Msikilizaji ndiye hujaza pengo hilo, na hulijaza kwa hofu yake.

Upo ugonjwa adimu unaodhihirisha jambo hili. Kitaalamu huitwa kolesistitisi ya zanthogranuloma, jina lililotumiwa na McCoy na wenzake nchini Marekani mwaka 1976. Kwa kuwa sehemu ya kwanza ya jina hilo imetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya rangi ya njano, tunapendekeza uitwe "mchochota wa manjano wa mfuko wa nyongo".

Mara nyingi ugonjwa huu huandamana na vijiwe. Njia ya nyongo ikiziba, nyongo hupenya ndani ya ukuta wa mfuko. Seli za kinga hukusanyika na kumeza mafuta yaliyomo, zikawa za manjano na kujaa kama povu. Baadaye makovu hujengeka. Waswahili husema jambo "limetumbukia nyongo" linapoharibika. Hapa msemo huo huwa kweli tupu.

Ukuta ulionenepa huweza kushikamana na ini au utumbo, hata picha za uchunguzi zikafanana na za saratani. Aidha, magonjwa haya mawili huweza kukutwa pamoja katika mfuko mmoja. Ndiyo maana mfuko huondolewa kwa upasuaji, na jibu la uhakika hupatikana baada ya nyama yake kuchunguzwa kwa hadubini.

Kwa hiyo, tutofautishe: "uvimbe" ni umbo, "mchochota" ni mwili unaojitetea, "saratani" ni seli zinazokua bila mpaka na kuvamia sehemu nyingine. Mfasiri asifiche neno "saratani" ikiwa daktari amelitaja, wala asilitangulize kabla ya daktari. Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, wajibu huu unawahusu wanafunzi wetu zaidi.

Tulipomweleza jirani yule upya kwamba ukuta wa mfuko umenenepa na chanzo bado kinatafutwa, aliuliza swali ambalo tafsiri ya kwanza ilikuwa imemnyima: "Basi nirudi lini kwa daktari?"