Mwenye nyumba ya wageni Mafia aweza kuisimamia tovuti yake mwenyewe

WAGENI wengi wanaokwenda Kisiwa cha Mafia, mkoani Pwani, huchagua mahali pa kulala kabla hawajapanda ndege Dar es Salaam au boti pale Nyamisati, wilayani Kibiti. Uamuzi huo hufanyika mbele ya kompyuta au simu ya mkononi, na nyumba isiyoonekana katika intaneti huwa haimo kwenye hesabu zao.

Kivutio si haba. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ndiyo ya kwanza ya aina yake nchini, na kati ya Oktoba na Machi papa potwe huonekana karibu na mwambao wa Kilindoni. Tatizo la mfanyabiashara mdogo ni namna ya kumfikia mgeni bila kupitia kwa wakala. Wakala wa mtandaoni hutoza kamisheni ambayo mara nyingi hufikia asilimia 15. Kwa chumba cha Sh80,000, hiyo ni Sh12,000 kila usiku.

Dawa mojawapo ni kuwa na tovuti yako. Hata hivyo, wengi waliowahi kutengenezewa tovuti wanakijua kilio chake: bei ya chumba ikibadilika, hakuna wa kuirekebisha mpaka fundi apatikane, naye fundi yuko Dar es Salaam. Hapo ndipo mfumo wa kusimamia maudhui unapoingia.

Mfumo huo ni programu inayokaa kwenye seva na kutenganisha mambo mawili: sura ya tovuti na yaliyoandikwa ndani yake. Maneno na bei hutunzwa katika hifadhidata. Rangi na mpangilio hutunzwa katika kiolezo. Mwenye tovuti huingia kwa jina na nywila, hubadilisha bei kama anayeandika barua pepe, kisha hubonyeza kitufe cha kuchapisha. Hahitaji kujua lugha za kompyuta.

Mifumo hiyo ipo mingi. Drupal ilitolewa mwaka 2001, WordPress mwaka 2003 na Joomla mwaka 2005, na yote mitatu ni programu huria zisizolipiwa. WordPress ndiyo inayotumika zaidi duniani, hivyo ni rahisi kumpata fundi anayeifahamu.

Hatua ya kwanza ni jina la tovuti. Majina ya biashara yanayoishia na .co.tz husajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa, chini ya uangalizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na hulipiwa kila mwaka. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Jina likisajiliwa kwa jina na barua pepe ya fundi, basi mbele ya msajili mwenye mali ni fundi. Siku mkigombana, au siku atakapobadilisha kazi, nyumba ya wageni inaweza kupoteza anwani iliyochapwa kwenye kadi na mabango yake yote. Kwa hiyo, jina lisajiliwe kwa mwenye biashara, kwa barua pepe anayoifungua mwenyewe.

Hatua ya pili ni kukodi nafasi kwenye seva. Kampuni nyingi za huduma hiyo zina kitufe kinachoiweka WordPress kwa dakika chache. Kabla ya kulipa, mteja aulize mambo matatu: kama nakala za akiba huchukuliwa kila siku, kama cheti cha usalama kinachosimba mawasiliano kimo ndani ya bei, na kama ataruhusiwa kuihamishia tovuti yake kwingine.

Hatua ya tatu ni kuchagua kiolezo chepesi na kuandika kurasa chache zinazojibu maswali ya mgeni: vyumba na bei, namna ya kufika, shughuli za kila msimu, na mawasiliano. Picha zipunguzwe ukubwa kabla ya kupakiwa. Picha ya simu yenye megabaiti 4 inaweza kushuka hadi kilobaiti 200 na bado ikapendeza. Picha nzito humla mgeni bando, naye huondoka kabla ukurasa haujafunguka.

Hatua ya nne ni ulinzi. Fundi apewe akaunti yake, isiwe ile ya mwenye tovuti, nayo ifutwe kazi ikiisha. Programu-jalizi ziwe chache na zisasishwe mara kwa mara, kwani programu-jalizi iliyopitwa na wakati ni mlango unaopendwa na wavamizi. Aidha, nakala ya akiba ihifadhiwe pia nje ya seva hiyo.

Mwenye nyumba asisahau kwamba mawasiliano yanaweza kukatika. Mei 12, 2024, hitilafu katika nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom iliidhoofisha intaneti nchini na katika nchi nyingine za Afrika Mashariki. Namba ya simu na ionekane kwenye kila ukurasa, na orodha ya wageni waliokwisha kuweka nafasi iandikwe pia kwenye daftari.

Lipo na jambo la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azikusanye kwa sababu halali na azitunze kwa usalama. Fomu ya kuweka nafasi iombe jina, mawasiliano na tarehe tu. Pasipoti mgeni ataionyesha akifika.

Kazi hiyo yote haimalizi haja ya mawakala, lakini humpa mwenye nyumba mlango wake mwenyewe. Mgeni aliyelala mara moja na kuridhika, mwakani anaweza kupiga hodi moja kwa moja, na zile Sh12,000 za kila usiku zikabaki Mafia.