Simu Ikipokelewa na Mashine, Salio Huanza Kukatwa

Mkazi wa Mutomo akipigia ofisi iliyoko Kitui mjini, au wa Kibwezi akipigia Wote, huenda akapokelewa na sauti iliyorekodiwa: "Tafadhali subiri." Sauti hiyo hutoka kwenye kifaa kilichounganishwa na swichibodi. Wahudumu wote wakiwa kwenye simu, swichibodi huipeleka simu yake kwa kifaa hicho, akasikia ujumbe huku akishika foleni.

Wengi hawajui kwamba, kwa kampuni ya simu, mashine ikijibu simu imepokelewa. Salio huanza kukatwa papo hapo. Nambari zinazoanza na 0800 ni tofauti, kwani gharama hulipwa na ofisi. Kwa nambari nyingine, anayekata na kupiga tena hupata hasara mara mbili: hurudi mwisho wa foleni na kulipia ujumbe uleule upya. Anayeijua nambari ya idara anayoitaka aibonyeze mara moja. Mifumo mingi haimlazimu kusikiliza hadi mwisho.

Ofisi nazo zina lao. Ujumbe wa Kiingereza pekee haumfai nyanya anayezungumza Kikamba, na kuurekodi upya kwa Kikamba hakuhitaji kununua kifaa kingine.