Dume wa mnadani anavyoweza kuzima uzazi wa zizi zima

MFUGAJI anayerejea nyumbani huanza upya kwa kununua majike wachache mnadani, kisha hutafuta dume mmoja wa kuwapanda wote. Dume mkongwe mwenye sifa ya kuzalisha ndiye hugombewa. Kumbe ndiye wa kuogopwa zaidi.

Ng'ombe nao wana magonjwa ya zinaa. Mawili yanayoenezwa hasa kwa kupandana ni trikomoniasisi na vibriosisi. Vijidudu vyake hujificha katika mikunjo ya ngozi inayofunika uume wa dume. Mikunjo hiyo huzidi kina kadiri umri unavyosonga, hivyo dume wa zaidi ya miaka 3 au 4 anaweza kuwa mbebaji wa kudumu. Hakondi, hana kidonda, wala hapotezi hamu.

Hasara huonekana kwa majike. Mimba huharibika ingali changa na mfugaji haoni kitu. Ng'ombe ambaye hakushika mimba hurudi kwenye joto baada ya siku 21 hivi; huyu hurudi baada ya siku 35, 50 au zaidi. Wengine hujaa usaha kwenye kizazi. Mwaka unakwisha bila ndama wala maziwa.

Jike huyo asiyezaa hupelekwa mnadani, akavushwa mpaka na kununuliwa na mwingine anayeanzisha zizi. Cheti cha chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo hakisemi lolote kuhusu maradhi haya.

Hatari huongezeka palipo na malisho ya pamoja. Wanyarwanda waliorejea kutoka Uganda baada ya mwaka 1994 waliingia Mutara na makundi makubwa ya Ankole, na mwaka 1997 sehemu kubwa ya hifadhi ya Akagera ikatengwa kwa makazi na malisho. Makundi yanapokutana kisimani, dume wa mmoja hupanda ng'ombe wa wengi.

Kinga ipo. Nunua dume kijana ambaye hajawahi kupanda. Aliyekwisha kupanda apimwe na daktari wa mifugo, tena zaidi ya mara moja, kwani kipimo kimoja huweza kukosea. Akikutwa na trikomoniasisi, auzwe kwa nyama, si kwa jirani. Majike wengi hupona wakipumzishwa kwa miezi 3 hivi bila kupandwa.

Njia nyingine ni uhimilishaji. Kenya iliuanza mwaka 1935, na kudhibiti magonjwa haya kulikuwa miongoni mwa sababu. Leo mbegu za madume waliopimwa hutoka vituo kama Kabete, Entebbe na Usa River.

Ng'ombe akitupa mimba kubwa, shuku brusela. Huo huenea zaidi kwa kulamba kilichotupwa au kula malisho yaliyochafuliwa, na humpata binadamu pia. Usishike kwa mikono mitupu, na maziwa yachemshwe.

Kabla ya kuuliza bei ya dume, uliza amepanda wangapi, na wangapi wamezaa.