Bruxelles kwa siku mbili: muji wenye ulijengwa pia na jasho la Congo

Watalii wengi wenye kufika Bruxelles, muji mukuu wa Ubelgiji, wanapiga picha kwenye uwanja wa Grand-Place, wanakula chokoleti na friti, kisha wanarudia kwao. Mukongomani anaweza kufanya vilevile, na atafurahi. Lakini akitembea hata saa mbili kwa miguu, atakuta sanamu, majina na majumba yenye yanamuhusu yeye mwenyewe.

Kwa Wakongomani wenye wanaishi Paris ao Lille, safari hii ni nyepesi. Treni ya haraka kutoka Paris inatumia karibu saa moja na dakika ishirini. Siku ya posho na siku ya yenga zinatosha kuona mambo ya lazima. Kwa mwenye kutokea Bukavu, Bunia ao Kalemie, ni habari ingine.

Grand-Place na Table Ronde

Watu wengi wanaanzia Grand-Place. Katika mwezi wa 8 mwaka wa 1695, jeshi la mufalme wa Ufaransa, Louis XIV, lilipiga muji huo kwa mizinga, na karibu nyumba zote za uwanja ziliungua. Vyama vya mafundi na wafanyabiashara vilizijenga tena katika miaka michache. Ndizo nyumba zile zenye mapambo ya rangi ya dahabu zenye kuonekana leo. Jumba la muji, lenye munara wa metre 96, lilibakia limesimama. UNESCO iliandika uwanja huo katika urizi wa dunia mwaka wa 1998.

Mwendo wa dakika chache kutoka pale, watu wanasongana mbele ya Manneken-Pis, kasanamu ka mutoto mwenye kukojoa. Wengi wanashangaa kuona vile kako kadogo: hakafikie hata metre moja. Lakini kako na nguo zaidi ya 1.000, zenye kalipewa na watu wa inchi mbalimbali.

Ukipanda kidogo kuelekea Mont des Arts, unafika kwenye jumba lenye leo linaitwa Square. Zamani lilikuwa Palais des Congrès. Ni mule ndani viongozi wa Congo walikaa na wa Ubelgiji katika Table Ronde, kuanzia tarehe 20 mwezi wa 1 mpaka tarehe 20 mwezi wa 2, mwaka wa 1960. Patrice Lumumba alikuwa gerezani wakati mazungumuzo yalianza. Wajumbe wa Congo walidai atolewe, na akafika Bruxelles. Siku ya uhuru, tarehe 30 mwezi wa 6, ilipangwa pale. Tena ni katika muji huo, siku zilezile, Grand Kallé na African Jazz walipiga wimbo wa « Indépendance Cha Cha ».

Kutoka Léopold mpaka Lumumba

Karibu na jumba la mufalme, kwenye Place du Trône, sanamu kubwa ya Léopold II iko juu ya farasi. Mufalme huyo alitawala Congo kama mali yake mwenyewe tangu 1885 mpaka 1908, bila kukanyaga udongo wake hata siku moja. Mwaka wa 2020, waandamanaji walimwangia sanamu hiyo rangi nyekundu.

Dakika chache kwa miguu, kwenye Porte de Namur, kuko uwanja mudogo wenye kuitwa Square Patrice Lumumba. Ulifunguliwa tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka wa 2018, kisha Wakongomani wa kule kudai kwa miaka mingi. Si mbali na pale, katika jumba la Egmont, serikali ya Ubelgiji ilirudishia jamaa ya Lumumba jino lake tarehe 20 mwezi wa 6 mwaka wa 2022. Ni kitu kimoja tu kilichobakia cha mwili wake.

Nyuma ya uwanja huo kunaanza Matonge, kartie yenye jina la Kinshasa. Ni fasi ya kupumuzika. Kuko saloni za kusuka nywele, vitenge, makayabu, kwanga na sombe, hata kama wauzaji wengi wanaiita pondu. Mugeni mwenye kusikia Kilingala, Kifaransa na Kiswahili kwa wakati mumoja hawezi kujisikia kuwa mbali na kwao.

Siku ya pili: Tervuren

Siku ya pili inaweza kuanza kwenye Cinquantenaire, bustani kubwa yenye tao la mawe lililomalizika mwaka wa 1905. Léopold II alililipia na feza zenye zilitoka Congo, wakati wanakijiji walikuwa wanalazimishwa kutafuta mpira porini.

Kisha, kwenye kituo cha Montgomery, tramu namba 44 inapita katikati ya musitu mpaka Tervuren. Kule kuko AfricaMuseum. Mwaka wa 1897, Wakongomani 267 walipelekwa kule kuonyeshwa kwa watu katika vijiji vya kuigiza. Saba kati yao walikufa. Makaburi yao yangali pale, kandokando ya kanisa la Tervuren. Haiko mbali na musee, lakini watalii wengi hawafiki.

Musee yenyewe ilifungwa miaka tano kwa kutengenezwa, na ikafunguliwa tena mwezi wa 12 mwaka wa 2018. Leo inaeleza wazi zaidi ukatili wa ukoloni. Swali la vitu vyenye vilitoka Congo halijamalizika. Mwaka wa 2022, Ubelgiji ilipatia Kinshasa orodha ya vitu karibu 84.000. Mwaka uleule, mufalme Philippe alileta maski ya Kakuungu ya Wasuku, kwa njia ya kukopesha bila kikomo. Katika safari ile, yenye ilimufikisha Lubumbashi na Bukavu, alisema anasikitika sana juu ya yaliyotendeka. Hakuomba musamaha.

Mulango wa viza

Vitu vya Congo viko Tervuren, lakini mwenye kubakia Congo anavifikia kwa shida. Viza ya Schengen inalipwa euro 90, na feza hizo hazirudishwi wakati viza inakataliwa. Inaomba pia bima yenye kufikia euro 30.000, hakikisho la fasi ya kulala na la mapato. Mwenye kukaa Beni ao Uvira anaongeza safari ya mbali ya kupeleka dosie. Kwa hiyo safari nyingi za aina hii zinafanywa na Wakongomani wenye tayari wako Ulaya.

Wao wanaweza kubeba watoto waliozaliwa kule na kuwaonyesha fasi zile, moja kwa moja. Wakumbuke tu kama AfricaMuseum inafungwa siku ya kwanza ya juma, na kama mvua ya Bruxelles haingojee musimu: koti na viatu vya kutembea ni vya lazima.